Spea za Land Rover za zamani (Series II, IIA na III): muuzaji wa kuaminika unamjuaje?

#1 Mwembe88 (mleta uzi)

Wakuu, jana jioni gari limetembea. Kilomita nne, kutoka gereji Tegeta hadi nyumbani, mara ya kwanza kukanyaga lami tangu 2003. Nimefika mikono inatetemeka, sukani za hizi gari mnazijua. Kuna watu humu wamenisaidia inbox muda wote huu, na wengine wanne wameniuliza swali lile lile, "spea unatoa wapi?", kwa hiyo naona nishushe uzi tuongee mara moja.

Gari ni Land Rover Series III, 88 (ile fupi, inchi 88 kati ya ekseli; ndefu ni 109), petroli, ya 1974. Baba mdogo alikuwa bwana shamba. Alilinunua kwenye mnada wa magari ya serikali, akalitumia mpaka likamshinda, akaliegesha chini ya mwembe kule Korogwe. Kuku wakaligeuza banda. Nilipolivuta kuja Dar nilidhani kazi itakuwa kunyoosha bodi na kuamsha injini. Hiyo imechukua miezi mitano tu. Miaka miwili na nusu iliyobaki nimeimalizia kwenye maduka ya spea.

Nianze na nilivyopigwa. Niliingia duka moja mjini, nikasema nataka klachi ya Land Rover. Kijana hakuuliza neno. Akapanda ngazi, akashusha boksi lenye vumbi, akataja bei. Nikajisemea huyu ndiye mtu wa kazi, hababaiki. Siku ya tatu fundi ananipigia: pleti uliyoleta ni ya inchi 9, na presha pleti iliyopo kwenye gari ni ya inchi 9 na nusu. Series III ilitoka na klachi ya diaframu ya inchi 9.5, ile ya inchi 9 yenye springi nyingi ndogo ni ya ndugu zake wakubwa. Nikarudi dukani. "Kaka, boksi umeshafungua."

Wiki hiyo hiyo nikaelekezwa kwa mzee mmoja mtaa wa Gerezani hapa Dar, kaduka kamejaa mpaka yeye anakaa nje kwenye ndoo. Nikamwambia shida yangu. Akaniuliza: namba ya chesisi inaanza na ngapi? Inaishia na herufi gani? Injini ni ya kuzaliwa nayo au imepachikwa? Gia boksi je, gia ya kwanza na ya pili zinaingia bila kelele? Sukani upande gani? Nilikuwa sina jibu hata moja. Mzee akanirudisha nyumbani bila kuniuzia kitu. Nilikasirika njia nzima. Sasa hivi yule ndiye muuzaji wangu namba moja, na kipimo changu cha kwanza kwa muuzaji yeyote nimekitoa pale pale kwenye ndoo: anauliza nini kabla ya kutaja bei? Anayeuliza bei ya mwisho unayoweza kutoa kabla hajauliza gari ni la mwaka gani, muage kwa heshima.

Ila ili akuulize na wewe umjibu, gari lako lazima ulijue. Haya niliyajua kwa kuchelewa:

Namba ya chesisi iko kwenye kibati, na imegongwa pia kwenye chesisi yenyewe mbele kulia, pale springi inaposhikia. Tarakimu tatu za mwanzo zinaeleza gari ni refu au fupi, ni petroli au dizeli, na lilitengenezwa kwenda soko gani. Herufi ya mwisho ndiyo watu wengi wanaidharau, na ndiyo inayokula hela. Kila mara kiwanda kilipobadilisha kitu ambacho fundi lazima akijue, herufi ilisogea. Magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuwa na sili tofauti kwa sababu moja ni A na jingine ni C.

Halafu mjue kwamba kibati kinasema gari lilivyotoka kiwandani Solihull, hakisemi lililopo mbele yako. Miaka hamsini ni mingi. Langu lilikuwa na kabureta ya Zenith kwenye injini, na kabureta nyingine ya Solex kwenye gunia nyuma ya kiti. Kwa hiyo namba ya injini nayo isomwe (upande wa kushoto wa bloku), na vinavyohesabika vihesabiwe. Shafti ya nyuma ya 88 za mpaka 1980 hivi ina meno 10 kwenye difu, za baada ya hapo zina 24. Injini ya petroli ya 2,286 cc ilikuwa na beringi kuu tatu za kranki mpaka 1980, kisha zikawa tano. Sili ya nyuma ya kranki ya ile ya beringi tatu ni vipande viwili, ya beringi tano ni pete moja. Mtu anayekuuzia "sili ya nyuma ya Land Rover" bila kuuliza tatu au tano, anakuuzia tiketi ya kushusha injini mara mbili.

Nikitulia nitaendelea na breki, maana hapo nina donda. Karibuni mtupie na nyie.

#2 Baharia wa Bara

Hongera mkuu. Ila nikushauri kama ndugu: ng'oa hiyo injini, tupia injini ya dizeli ya Toyota 3L, spea mpaka kwenye vibanda vya vocha zipo. Utakuja kunishukuru.

#3 Mzee Springi

@Baharia wa Bara huo ushauri kila mtu ameshapewa na mashemeji zake. Nusu ya Series zilizobaki nchini zina moyo wa Toyota au Isuzu, na mimi siwalaumu waliokuwa wanabeba mahindi Sumbawanga. Lakini anayerejesha gari halafu anaweka injini ya Hiace, huyo anatengeneza gari jingine. Tumwache mleta uzi.

Mkuu Mwembe88, umesahau jambo moja kuhusu kulijua gari. Springi za 88 za kulia na kushoto hazifanani. Upande wa dereva imekunjwa zaidi kwa sababu unabeba dereva na tangi. Watu wananunua nne zinazofanana, gari linakaa upande kama mtu mwenye jino, halafu wanamlaumu fundi.

#4 Unga Ltd Spana

Niko Arusha, gereji Unga Limited, Land Rover nimezikuta kwa mzee wangu. Lile tamasha la Oktoba 2024 mliliona, mji ulijaa mpaka wageni wakashangaa tulikuwa tunazificha wapi. Mimi niongelee za mtumba, maana huko ndiko wengi wetu tunakula.

Muuzaji wako wa kwanza ni gari lililokufa. Ukipata mzoga wa gari la aina yako, nunua mzima, usinunue mlango mmoja mmoja. Nati, vibano, bomba, swichi, vitu ambavyo hakuna duka linavyo, vyote viko pale na vinaingia. Tatizo ni wapi pa kuutafuta mzoga. Watu wa Dar mnatafuta Tanga na Bagamoyo kwa sababu ni karibu. Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini, Birmabright, ile haili kutu, kwa hiyo gari la pwani ukilitazama kwa mbali unaona zima. Lakini chesisi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva ni chuma, na alumini ilipogusana na chuma kwenye hewa ya chumvi panaoza pakiwa pamefichwa. Mimi chuma natoa Dodoma, Singida, Manyara. Gari limekauka, rangi imeungua na jua, viti vimeliwa na panya, lakini ukuta ukiugonga na nyundo unalia kengele. Misheni na mashamba ya zamani ya mkonge na kahawa nako kuna mizoga, ila nenda na mtu anayefahamika pale, na uandikiane. Kuna mtu namjua alilipia mzoga kwa mlinzi.

Na usinunue kwa picha. Beba nyundo ndogo, bisibisi na sumaku. Sumaku ikikataa kushika mahali panapotakiwa kuwa chuma, pamejazwa gundi na kupigwa rangi.

Vya kutonunua mtumba kabisa, hata ukipewa bure: vitu vya breki, beringi za magurudumu, mipira yoyote.

#5 Mwembe88 (mleta uzi)

@Unga Ltd Spana hapo kwenye breki umenigusa donda, ngoja nilimalize.

88 nyingi zina ngoma za inchi 10, 109 zina inchi 11. Hilo nilishalijua, nikajiona mjanja. Nikanunua silinda ndogo za magurudumu, mpya, boksi zuri, jina kubwa la Kiingereza. Fundi akafunga, tukajaza oili ya breki, tukatoa hewa, pedali ikawa ngumu vizuri. Asubuhi chini ya gurudumu la nyuma kuna dimbwi. Tukakaza. Dimbwi. Tukafungua: nyuzi za silinda ni za milimita, mabomba yangu ni ya inchi. Zinaingiliana mizunguko miwili hivi halafu zinajilazimisha, unaona imeshika kumbe imekula. Gari za mwishoni zilihamia milimita, yangu ya 1974 haimo. Muuzaji alisema "zote sawa". Nilibahatika dimbwi lilitokea nyumbani, si mteremko wa Sekenke.

Baada ya hapo nilibadilisha utaratibu. Siendi tena kuulizia kitu kwa jina, naenda na namba. Katalogi ya vipuri ya kiwandani ya Series III ipo mtandaoni, michoro inaonyesha kila kipande kimetenganishwa, kila nati ina namba yake. Namba za kale ni tarakimu tupu, baadaye zikaja na herufi mbele, RTC, ETC, FRC, NRC na kadhalika. Mfano elementi ya filta ya oili ni RTC3184. Nikitaja hiyo, duka la Gerezani, la Nairobi na la Uingereza wote tunaongea kitu kimoja. Na hapo ndipo napima muuzaji kwa mara ya pili: ukimtajia namba anaiandika, au anakwambia "wewe lete sampo tu"? Sampo ni nzuri, nami naibeba, lakini kilichokuwemo kwenye gari kinaweza kuwa kosa la mtu wa 1991.

Jingine lililoniokoa hela nyingi: vitu vingi kwenye Land Rover si vya Land Rover. Beringi ina namba imegongwa kwenye pete yake. Isafishe kwa petroli, isome, nenda duka la beringi, la watu wanaouzia viwanda na mashine za kusaga, usiende duka la magari. Sili nazo zina vipimo vyake, shimo la ndani, upana wa nje, unene. Kwenye gia boksi yangu sili tatu nimezipata kwa wauza vifaa vya pampu za maji, kwa bei ambayo ukiitaja duka la "spea za Uingereza" watakuona mwongo.

#6 Kabati la Nairobi

Sasa wakuu. Nawasoma kutoka Nairobi, mimi mtu wa Peugeot 504, mtanisamehe kuingilia.

Nataka kuongeza kitu kuhusu kwa nini wengine wetu tunateseka kidogo kuliko nyinyi. 504 Ufaransa waliacha kutengeneza saluni 1983, lakini hapa Kenya ziliendelea kuunganishwa miaka mingi baadaye, Nigeria pia, na Argentina wakaenda nazo mpaka 1999. Kwa hiyo kitu ambacho mtu wa Paris anakitafuta kama dhahabu, mimi nakipata Kirinyaga Road (wazee bado wanaiita Grogan), au naagiza kwa jamaa anayeleta kutoka Lagos. Gari ikiwa iliendelea kutengenezwa mahali pengine duniani, tafuta huko kwanza kabla ya kwenda nchi ilikozaliwa. Watu wa Volkswagen kobe wanajua, Mexico walitoa ya mwisho Julai 2003.

Kuhusu kuaminika, Grogan ina mambo yake. Ukifika na gari yenyewe na ukionekana mgeni, kijana atakuchukua barabarani, "boss unataka nini, nikuletee", halafu anaenda duka lile lile ungeingia mwenyewe na kuongeza yake juu. Mimi nilikaa mwezi mzima naenda Jumamosi bila kununua kitu, nakunywa chai tu na kuangalia mafundi wenyewe wananunua wapi. Fundi wa jua kali ananunua kwa hela yake na akiuziwa takataka mteja anarudi kumfokea, kwa hivyo yeye ameshakuchujia. Fuata fundi.

Na mkitaka kuona magari yenyewe na wenyewe, njooni Concours, maonyesho ya magari pale Ngong Racecourse, iko tangu 1970. Usiende kuangalia rangi. Nenda nyuma ya mahema uongee na watu, kila mmoja ana namba ya mtu wa kabureta na namba ya mtu wa kroma. Nilimpata mtu wangu wa viti pale.

(Na kabla hamjaanza kusema ni gari za Kenya tu: Safari Rally ya 1966 na 1967 ilichukuliwa na Peugeot 404 ya Bert Shankland, na huyo alikuwa mkaazi wa Dar. Mtani ashukuru.)

#7 Baharia wa Bara

Hiyo ya Shankland nimeipenda. Bado nasimamia 3L yangu lakini.

#8 Mtu wa Leicester

Habari za nyumbani, niko Uingereza. Mimi ndiye huwa napigiwa simu usiku, "kaka huko kwenu spea za Land Rover zipo?" Zipo. Nyingi mno, na hilo ndilo tatizo.

Huku kitu kimoja kinauzwa kwa daraja tatu. Kuna cha boksi la Land Rover lenyewe. Kuna cha kiwanda kile kile kilichokuwa kinawatengenezea Land Rover, bila boksi lao: breki za Girling, umeme wa Lucas, beringi za Timken, klachi za Borg & Beck. Halafu kuna kopi. Tofauti ya bei kati ya cha pili na cha tatu inaweza kuwa mara tatu, na kwenye picha vinafanana. Kwa vitu vya kukupeleka na kukusimamisha mimi sishuki daraja la pili. Kwa kitasa cha mlango, kioo cha pembeni, mkeka wa sakafu, kopi inatosha, acha ufahari.

Tahadhari: jina la zamani kwenye boksi si kiwanda cha zamani. Majina huuzwa na kukodishwa. Boksi lina jina alilolijua babu yako, kilichomo kimemwagwa juzi mahali pengine kabisa. Kwa hiyo muulize muuzaji nchi iliyotengenezwa, mwambie akupige picha ya kitu chenyewe upande uliogongwa alama, si ya boksi. Wanaouza vizuri hawakasiriki. Kuna wakati niliuliza mtu wa shafti, akanijibu "hizi tunazo lakini kwa gari la kazi usichukue, subiri wiki tatu". Toka siku hiyo hela zangu zinakwenda kwake.

Wengine wanajulikana kwa kitu kimoja tu na ni bora kwenda kwao kwa hicho kitu: Turner Engineering kwa vichwa vya silinda na injini, Ashcroft kwa gia boksi na difu, Richards au Marsland kwa chesisi mpya zilizochovywa zinki. Bei yake si ndogo. Lakini chesisi ya zinki ukiilinganisha na miaka kumi ya kuchomelea viraka, piga hesabu mwenyewe.

Mwezi wa tisa kuna gulio la vipuri vya kale pale Beaulieu, linafanyika tangu 1967, wazee wanamwaga vitu chini kwenye majani kama mnada wa Mgagao. Nimetoa pale saa ya mafuta na taa mbili za nyuma. Ukienda nenda na namba zako kwenye karatasi, ukienda kwa macho utarudi na mapambo.

Na msinunue vya Santana bila kujua. Wahispania walitengeneza Land Rover kwa leseni kule Linares tangu 1958, kwa macho ni pacha, lakini walijiendea njia yao na baadhi ya vitu haviingii. Wauzaji wa mtandaoni wanaviandika "Land Rover Series" basi.

#9 Binti Kongwa

Swali kwa wote: mimi nina IIA 109 ya marehemu baba, nipo Dodoma. Kuna mtu kwenye kundi la Facebook anauza overdrive ya Fairey (gia ya ziada ya kupunguza mzunguko wa injini barabarani), bei nzuri sana, yuko nje, anataka nusu kwanza. Nitume?

#10 Unga Ltd Spana

Dada usitume.

#11 Mtu wa Leicester

Usitume. Mwambie aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo juu ya hiyo overdrive, apige picha pande tatu, na azungushe shafti kwa mkono kwenye video. Mwenye kitu atafanya kwa dakika mbili.

#12 Binti Kongwa

Nimemwandikia hivyo hivyo. Kanibloku.

#13 Mzee Springi

😂 Umeokoa laki ngapi hapo binti yangu. Sasa nenda kaulizie Kongwa na Mpwapwa, mashamba ya karanga ya Waingereza yaliacha vyuma vingi huko, ingawa vya zama zile ni Series I na matrekta. Wazee wa kule wana kumbukumbu ya kila gari lililozikwa.

#14 Mwembe88 (mleta uzi)

Kwa kuwa tumefika kwenye kutuma hela, nami niseme ninavyofanya. Muuzaji mpya, awe wa Gerezani au wa ng'ambo, oda ya kwanza ni ndogo na ni ya kitu ninachokijua vizuri. Gasketi, filta, bushi mbili. Naangalia: alileta alichoandika? Alifunga vizuri? Risiti ina namba ya kipuri au imeandikwa "spea 1"? Halafu, na hili watu hunicheka, nairudisha moja. Nasema samahani nimekosea, naomba nibadilishiwe. Namna anavyopokea marejesho ya elfu kumi na tano ndivyo atakavyopokea ya laki tano.

Kwa mzigo wa nje kumbukeni kodi haipigwi kwenye bei ya kitu peke yake, inapigwa kwenye bei, bima na nauli vikijumlishwa, ushuru wa forodha unakaa hapo, kisha VAT 18% juu ya vyote. Mtu ananunua ngoma nne za breki kwa bei ya kutupwa halafu analipa ndege kwa kilo. Vizito tunakusanyana. Mwaka jana tulikuwa watu sita, tukaweka kreti moja kwa meli, ikachukua wiki nane na kidogo, kila mmoja akalipia uzito wake. Invoisi iandikwe kitu kwa kitu na bei ya kweli. Muuzaji anayejitolea "nikuandikie bei ndogo" bila kuombwa, jiulize anakuandikia nini wewe.

Vyepesi, mtu anayekuja likizo na kilo zake 23 ndiye baba yetu sote. Mtu wa Leicester asante kwa kabureta.

#15 Sur kwa Bahari

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi niko Muscat, asili yetu Pemba, nina Land Cruiser FJ40. Huku kwetu hizi gari zinapendwa kuliko watoto. Nasoma hapa naona shida yenu na yetu ni moja, tofauti yetu ni kwamba Toyota wenyewe wamerudi: toka 2022 wanatoa upya baadhi ya vipuri vya 40 Series chini ya GR Heritage Parts. Mwenye FJ au BJ huko Tanzania asikimbilie kopi kabla ya kwenda kwa wakala wa Toyota na namba ya kipuri mkononi. Watakwambia hakuna, waambie watazame mara ya pili.

Nasaha yangu nyingine ni juu ya vitu "vipya vya zamani", vilivyokaa stoo tangu enzi hizo na boksi lake. Watu wanavilipia bei ya arusi. Kikiwa chuma, gia, ngoma, kioo cha taa, chukua, tena furahi. Kikiwa mpira, kiache. Nilinunua vikombe vya masta silinda ndani ya karatasi ya nta haijafunguliwa, harufu yake nzuri. Baada ya mwezi mmoja vikawa kama halua. Mpira unazeeka hata kama haukufanya kazi.

#16 Unga Ltd Spana

Naam. Na hiyo ya mpira iende mpaka kwenye oili: usikubali fundi atie haidroliki ya power steering kwenye masta ya breki "kwa dharura". Mipira ya breki inavimba siku hiyo hiyo, hapo hata Girling haikusaidii.

Jingine kwa wenye petroli: madini ya risasi kwenye petroli yaliondolewa huku kwetu tangu 2006, na viti vya valvu vya vichwa vya zamani viliyazoea. Ukiona valvu inapoteza nafasi kila baada ya muda mfupi, usiendelee kununua valvu kwa mtu yule yule ukimlaumu. Peleka kichwa kwa mwenye mashine, aweke viti vigumu.

#17 Baharia wa Bara

Nakiri uzi ni mzuri. Shemeji yangu ana 109 imelala Handeni, chesisi namba inaanza na 9, inaishia na C. Naulizia tu, siyo kwamba nimebadili msimamo.

#18 Mzee Springi

Karibu kundini.

#19 Mwembe88 (mleta uzi)

@Baharia wa Bara nitumie picha ya kibati na ya difu ya nyuma, nikuambie ni difu ya Rover au ya Salisbury kabla hujanunua chochote.

Mrejesho wangu: gari baada ya zile kilomita nne limekaa upande. Nimepima kutoka ardhini mpaka kwenye tao la gurudumu, tofauti ni karibu vidole vitatu, Mzee Springi alinisema bila kuniona. Zile springi nilizinunua nne zinazofanana mwaka wa kwanza, kwa yule kijana wa ngazi. Nimempigia mzee wa kwenye ndoo, amesema anazo mbili, zimetolewa kwenye gari la Singida, hazijavunjika jani. Nikamwambia nakuja kesho na hela.

Akauliza: "Unataka ya upande wa dereva, au wa abiria? Na dereva wako anakaa upande gani?"

Nimekata simu nikaenda kuangalia kwanza.